Uwanja Kwanza, Kisha Nyumba: Somo la Kupanga Ardhi ya Shule Katika Meru na Embu

Shule inapotaka kujenga, watu huuliza mambo matatu: fedha zitatoka wapi, fundi ni nani, na kazi itakwisha lini. Swali la nne halisikiki mara nyingi, nalo ni hili: nyumba hiyo itakaa mahali pa kitu gani? Maana ardhi ya shule ina mipaka, wala haikui kama idadi ya watoto ikuavyo. Kila nyumba mpya hukaa mahali palipokuwa na kitu kingine, na katika shule nyingi za mlimani kitu hicho ni uwanja wa michezo.

Jambo hili lina sababu yake. Upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kuanzia Embu, kuvuka mto Thuci, kupita Chuka na Chogoria mpaka Nkubu na Meru, nchi ni migongo na mabonde. Mito hushuka kwa kasi, na kati ya mto na mto mna mgongo mwembamba wenye mashamba ya kahawa na migomba, na juu zaidi majani ya chai. Mahali tambarare ni pachache. Katika shule, mahali hapo ndipo uwanja ulipo. Na ndipo pia fundi apendapo kujenga, kwa kuwa msingi hautaki kuchimbwa sana wala hapatakiwi ukuta wa kuzuia udongo. Basi penye haraka na fedha chache, darasa jipya hujengwa pembeni mwa uwanja. Baadaye linafuata la pili, kisha la tatu. Mwishowe watoto hukimbia katika kichochoro kati ya kuta.

Kanuni ya somo hili ni moja, nayo yafaa ishikwe na kila halmashauri ya shule: uwanja upimwe na kuwekewa mipaka katika ramani kabla ya kuwekwa jiwe la msingi la nyumba yo yote.

ARDHI ILITOKA KWA NANI

Ni vizuri kwanza kufahamu jinsi shule nyingi za sehemu hizi zilivyopata ardhi. Shule za kwanza zilikuwa za misheni. Wamisionari wa Kianglikana walifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti walianza kazi Meru muda mfupi baadaye na kukaa Kaaga. Wakonsolata wakaeneza shule zao. Na Daktari Irvine, wa Kanisa la Scotland, akafika Chogoria mwaka 1922. Wazee wenyewe nao walijenga shule zao za kujitegemea kwa mikono na shilingi zao, na nyingi kati ya hizo zilifungwa baada ya kutangazwa Hali ya Hatari mwaka 1952.

Kisha likaja jambo lililobadilisha sura ya nchi yote. Kufuata mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vipande vya mashamba vilivyotawanyika viliunganishwa, kila mtu akapewa shamba lake mahali pamoja, na sheria ya mwaka 1959 ikaweka taratibu za kuliandikisha. Kazi hiyo iliendelea Embu na Meru katika miaka ya mwisho ya 1950 na katika miaka ya 1960. Ilianzishwa wakati wanaume wengi walipokuwa kizuizini, nayo iliacha manung'uniko mengi ambayo hayajasahauliwa. Lakini ilikuwa na sehemu moja ambayo kila mwanafunzi yampasa kuijua. Katika kuunganisha mashamba, kila mwenye shamba alikatwa sehemu ndogo ya ardhi yake kwa ajili ya mahitaji ya watu wote: barabara, masoko, makanisa, zahanati na shule.

Maana yake ni kwamba uwanja wa shule ya namna hiyo haukuwa zawadi ya mtu mmoja. Ulitokana na vipande vidogo vya mashamba ya watu wengi: mjane alitoa, tajiri alitoa, na hata aliyekuwa kizuizini alikatwa sehemu yake bila kuwapo. Kwa hiyo mtu akiumega uwanja huo, humega alichotoa kila nyumba ya mgongo huo.

NYAKATI NNE ZA HARAKA

Tangu ardhi hizo zitengwe, zimekuja nyakati nne za kujenga kwa haraka, na kila mara uwanja ulikuwa hatarini.

Ya kwanza ni wakati wa Harambee, baada ya Uhuru wa mwaka 1963. Watu walichanga kuku, mbuzi, kahawa na fedha wakajenga shule za sekondari, mara nyingi kando ya shule ya msingi iliyokuwapo. Shule mbili zikagawana ardhi iliyotengwa kwa ajili ya moja.

Ya pili ni mwaka 1985, ulipoanza mpango wa elimu wa miaka minane, minne na minne. Shule ya msingi iliongezewa darasa la nane, na pamoja na darasa hilo kilitakiwa chumba cha kufundishia kazi za mikono.

Ya tatu ni Januari 2003, karo ya shule za msingi ilipofutwa. Katika Kenya nzima idadi ya wanafunzi wa shule hizo ilipanda kutoka milioni 5.9 hivi kufikia milioni 7.2 hivi. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya mfuko wa maendeleo wa maeneo ya bunge, na fedha zake zikajenga madarasa mengi vijijini.

Ya nne ni Januari 2023, wanafunzi wa gredi ya saba walipobaki katika shule za msingi kuanza sekondari ya chini. Vikatakiwa vyumba zaidi na mahali pa kufundishia sayansi.

Hakuna awezaye kusema kwamba kazi hizo zilikuwa mbaya. Mtoto hawezi kusoma chini ya mti mvua ya masika inapopiga. Ubaya haukuwa katika kujenga, bali katika kujenga bila ramani. Aliyejenga mwaka 1985 hakumwachia nafasi atakayejenga mwaka 2003, na wa 2003 hakumwachia wa 2023.

MFANO WA SHULE ZA MARAFIKI

Yafaa sasa kutazama mbali kidogo, magharibi mwa Kenya, kwa watu waliofanya ujenzi na michezo kuwa sehemu ya mafunzo. Hao ni Marafiki, yaani Waquaker, ambao madhehebu yao yalianza Uingereza katika karne ya 17. Leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yo yote duniani, na shule zao ni nyingi, hasa katika Vihiga, Kakamega na Bungoma.

Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa madhehebu hayo, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi. Misheni yao waliiita ya kazi za mikono, na jina hilo halikuwa la bure. Hapo Kaimosi palikuwa na msitu wa kutoa mbao na mto Goli Goli wenye maporomoko. Wakatumia nguvu ya maji kuendesha mashine ya kupasua mbao, na vijana wakajifunza useremala na uashi pamoja na kusoma na kuandika. Baada ya muda palisimama shule, hospitali na vyuo, na leo pana chuo kikuu.

Funzo la Kaimosi kwa mtu wa Meru au Embu ni hili: waliochagua mahali waliuliza kwanza ardhi yenyewe ina nini, maji yako wapi, mbao ziko wapi, na mteremko unaelekea wapi. Nyumba zilifuata majibu ya maswali hayo.

Shule nyingine ya Marafiki ni Kamusinga, karibu na Kimilili, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950. Wapenzi wa michezo wanaijua kwa mpira wa magongo, kwa maana timu yake imekuwa bingwa wa shule za sekondari za Kenya zaidi ya mara moja. Mtu aweza kudhani ya kuwa ushindi wa namna hiyo ni bahati ya kupata vijana hodari. Lakini na afikiri: mpira wa magongo ni mdogo na mgumu, nao huenda chini chini. Ukikuta tuta au shimo huruka na kumpiga mchezaji. Uwanja wake una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55, na ukiwa wa majani hautachezeka usiposawazishwa, kukatwa majani na kutunzwa mwaka baada ya mwaka. Shule haiwezi kudumu na mchezo huu ikiwa uwanja wake huhesabiwa kuwa ardhi inayosubiri nyumba. Hapo uwanja ni chombo cha kufundishia, kama maabara.

KUIPANGA ARDHI

Sasa na tuje kwenye kazi yenyewe. Halmashauri itafute ramani ya mipaka ya shule, au ipime ardhi na kuchora upya. Katika karatasi hiyo viandikwe vitu vyote vilivyopo: nyumba, miti mikubwa, njia, bomba la maji, vyoo vya zamani, na upande ambao ardhi hushuka. Hapo ndipo uwanja uchorwe, na nyumba zifuate.

Mambo matatu huongoza mpango huo.

La kwanza ni jua. Meru na Embu ziko karibu sana na ikweta. Mstari wake hupita karibu na Nkubu. Jua huchomoza mashariki na kutua magharibi bila kwenda mbali sana kaskazini wala kusini. Kwa hiyo nyumba ya madarasa yapasa ilale kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie machoni mwa wanafunzi. Uwanja ni kinyume chake. Urefu wake yapasa uwe kutoka kaskazini kwenda kusini, ili mkimbiaji au mlinda mlango asitazame jua la saa kumi na moja.

La pili ni mteremko. Wakulima wa sehemu hizi wanajua habari za matuta tangu siku za kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mtu huchimba kufuata mstari wa usawa, wala hachimbi kutoka juu kwenda chini. Nyumba na viwanja hufuata sheria hiyo hiyo. Penye ubavu wa mgongo unaotazama mto, kwa kawaida mstari wa usawa huelekea mashariki na magharibi; hapo madarasa hukaa vizuri, na jua nalo hukubaliana. Penye kichwa kipana cha mgongo kinachoshuka polepole kuelekea mashariki, mstari wa usawa hupita kaskazini na kusini. Hapo ndipo pa uwanja. Hivyo ardhi yenyewe humwonyesha mwenye macho mahali pa kila kitu: nyumba ubavuni, uwanja kichwani. Ni kweli kwamba kujenga ubavuni huongeza gharama ya msingi. Lakini gharama hiyo hulipwa mara moja, na uwanja uliopotea haulipiki.

La tatu ni usalama. Vyoo viwe upande wa chini, mbali na kisima na jiko. Mahali pa kutupia mkuki na tufe pawe mbali na njia za watu. Bweni liwe na milango miwili yenye kufunguka kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma vya kumzuia mtu kutoka. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa kwa moto katika bweni la shule moja ya Machakos, na mwaka 2008 serikali ikatoa mwongozo wa usalama wa shule. Moto ukitokea, wanafunzi yapasa wakimbilie mahali pa wazi ambapo majina yao yaweza kuitwa, mmoja baada ya mmoja. Shule iliyojenga uwanja wake wote, je, watoto wake watakimbilia wapi?

KUSAWAZISHA UWANJA

Uwanja mkubwa wa riadha wenye mzunguko wa mita 400 na njia sita wataka nafasi ya mita 180 kwa 95 hivi, yaani zaidi ya eka nne. Shule chache za mlimani zina nafasi hiyo mahali tambarare. Lakini uwanja wa mita 100 kwa 50 watosha kwa mzunguko wa mita 200 wenye njia nne, na katikati yake watoto waweza kucheza mpira. Hiyo ni eka moja na robo tu.

Na tuchukue mfano ambao ardhi hushuka mita moja katika kila mita kumi. Uwanja wa upana wa mita 50 utakuwa na tofauti ya mita 5 kati ya ukingo wa juu na ukingo wa chini. Huchimbwa nusu ya juu na udongo hujazwa nusu ya chini. Kwenye ukingo wa juu shimo litakuwa la mita 2.5, likipungua mpaka kuisha katikati. Hesabu yake ni hii: nusu ya 25 mara 2.5 ni 31.25, mara urefu wa mita 100, ni mita za ujazo 3,125 za udongo. Ikiwa mtu mmoja aweza kuchimba na kuhamisha mita 2 za ujazo kwa siku, kazi hiyo ni ya siku 1,563 za mtu mmoja, au siku 16 za watu mia moja. Mteremko ukiwa nusu ya huo, kazi nayo huwa nusu.

Hesabu hiyo yaonyesha mambo mawili. Kwanza, kazi hiyo yawezekana kwa wazazi na wanafunzi kusaidiana, au kwa tingatinga la kukodi kwa siku chache. Pili, yaonyesha thamani ya mahali palipo tambarare kwa asili: anayejenga darasa hapo hutumia bure kitu ambacho wengine wangekilipia kwa siku 1,563 za jasho.

Wakati wa kuchimba, udongo wa juu wenye rutuba utengwe kando, kisha urudishwe juu ya uwanja ili majani yaote. Udongo uliojazwa ushindiliwe kila baada ya tabaka moja, kwa kuwa udongo mwekundu wa mlimani ukiachwa huru hutitia mvua ikija. Mfereji uchimbwe juu ya uwanja ili maji ya mlimani yasipite katikati, na ukingo wa chini upandwe majani. Kazi ya udongo yafaa ifanywe wakati wa kiangazi, na majani yapandwe mvua zinapoanza.

Penye mteremko mkali mno, shule isikate tamaa. Uwanja wa netiboli wataka mita 30.5 kwa 15.25, na wa voliboli mita 18 kwa 9. Viwanja hivyo vidogo vyaweza kupangwa kimoja juu ya kingine, kama matuta ya kahawa.

KUCHORA MZUNGUKO WA MITA 200

Kazi hii yaweza kufanywa na wanafunzi wa darasa la juu kama somo la hesabu. Vitu vinavyotakiwa ni kamba isiyonyooka ikivutwa, futi ya kupimia, vigingi na chokaa.

1. Pigwe vigingi viwili katikati ya uwanja, kwa urefu wake, vyenye nafasi ya mita 50 kati yao.

2. Katika kila kigingi ufungwe ncha ya kamba yenye urefu wa mita 15.72, na kwa ncha ya pili ichorwe nusu duara upande wa nje.

3. Ncha za nusu duara hizo ziunganishwe kwa mistari miwili iliyonyooka, kila mmoja mita 50. Huo ndio mstari wa ndani.

4. Ili kuhakikisha pembe ya mraba kwenye kigingi, ichukuliwe kamba ya mita 12 iliyounganishwa ncha zake, yenye alama kwenye mita 3 na mita 7. Ikivutwa kwenye alama hizo na kwenye kiungo, hutoa pembetatu ya 3, 4 na 5, na pembe iliyo kati ya 3 na 4 ni ya mraba.

5. Mistari mingine minne ichorwe kwa nje, kila mmoja umbali wa mita 1.22 kutoka uliotangulia. Hizo ndizo njia nne.

Mwanafunzi atauliza: mbona kamba ni ya mita 15.72? Jibu ni kwamba mkimbiaji hakanyagi mstari wenyewe. Njia yake hupimwa sentimita 20 nje ya mstari wa chokaa. Basi nusu ya kipenyo cha njia yake ni mita 15.92, na nusu duara mbili za kipimo hicho hufanya mita 100. Ukiongeza mistari miwili ya mita 50, jumla ni 200.

Liko na jambo la kusawazisha mahali pa kuanzia. Aliye njia ya nje huzunguka duara kubwa zaidi, kwa hiyo katika mbio za mzunguko mmoja husogezwa mbele. Kila njia huzidi iliyo ndani yake kwa mita 7.67. Njia ya pili husogezwa mita 7.67, ya tatu mita 15.33, na ya nne mita 23. La kustaajabisha ni kwamba hesabu hiyo haitegemei ukubwa wa uwanja. Ikiwa upana wa njia ni mita 1.22, na kila njia ikapimwa sentimita 20 nje ya mstari wake, tofauti ni 7.67 iwe mzunguko ni wa mita 200 au wa mita 400. Mwalimu na awaache wanafunzi watafute sababu wenyewe.

MICHEZO HULETA NINI

Wapo wazee wasemao kwamba mtoto hapelekwi shuleni kukimbia. Neno hilo lina ukweli, kwa sababu karo hulipwa kwa shida. Lakini mtoto akaaye kitini kutwa huchoka akili pamoja na mwili, na mwalimu yeyote ajua tofauti ya darasa lililocheza na lisilocheza. Tena katika michezo mtoto hujifunza kushindwa bila kisasi na kushinda bila majivuno. Mbio za kupokezana vijiti humfundisha kwamba kasi yake si kitu akiangusha kijiti cha wenzake.

Sifa ya Kenya katika riadha nayo haikuanza kwenye viwanja vikubwa. Chama cha riadha cha Kenya kilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro, mtu wa Kisii, alikwenda Vancouver akawa wa nne katika mbio za maili tatu. Mwaka 1964, huko Tokyo, Wilson Kiprugut wa Kericho aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, katika mita 800. Walikuwa watu wa kizazi kilichokimbia kwenye viwanja vya majani, vilivyopigwa mistari ya chokaa.

Meru na Embu leo zina viwanja vikubwa vya serikali. Sikukuu ya Madaraka ilifanyika Kinoru, Meru, mwaka 2018, na Embu mwaka 2023. Viwanja hivyo ni fahari, lakini mtoto wa Tharaka au wa Mbeere hawezi kwenda huko kila jioni. Mashindano ya shule huanza chini, shule kwa shule, ndipo washindi wapande hatua kwa hatua hadi taifa. Ngazi ikikosa kipandio cha kwanza, vingine ni vya nini?

Tena wasichana wasisahauliwe. Uwanja ukipungua, kipande kinachobaki huchukuliwa na wavulana kwa mpira wa miguu, na wasichana husimama pembeni kama watazamaji. Kwa hiyo uwanja wa netiboli uchorwe katika ramani tangu mwanzo, usingoje mabaki.

MIPAKA NA HATI

Uwanja uliopangwa vizuri waweza bado kupotea ikiwa mpaka wake haujulikani. Mwezi Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umezungushwa kwenye uwanja wao. Walipoandamana kuudai, polisi waliwatupia moshi wa kutoa machozi, na picha zao zikaenea duniani. Uwanja ulirudishwa, na baadaye serikali ikahimiza ardhi za shule za umma zipimwe na zipewe hati.

Jambo la namna hiyo halitokei mjini peke yake. Kijijini huja polepole: jirani husogeza ua kwa hatua moja, njia ya ng'ombe hugeuka kuwa barabara, kibanda cha soko hupata msingi wa saruji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo halmashauri ifanye mambo manne. Ihakikishe kwamba shule ina hati, au kwamba maombi yake yako katika ofisi ya ardhi. Iwatafute wazee wanaokumbuka alama za mipaka, na maneno yao yaandikwe wangali hai. Ipande miti mpakani. Na nakala ya ramani ya shule, yenye uwanja uliochorwa, itundikwe ofisini mwa mwalimu mkuu, ili mfadhili akija na fedha za darasa aonyeshwe mahali pa kujenga, wala asichague mwenyewe.

Watu waliokatwa mashamba yao zamani wengi wamekwisha kufa. Hawakuacha majina yao ukutani, kwa maana hakukuwa na ukuta. Waliacha mahali pa wazi. Ni juu ya wanaojenga sasa kuona kwamba mahali hapo panabaki wazi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ardhi ya shule yenu ilipatikana namna gani, na ni nani aliye hai anayekumbuka?

2. Pimeni uwanja wenu. Je, mzunguko wa mita 200 wenye njia nne utaenea, ikiwa urefu wake wote ni mita 91.2 na upana mita 41.2?

3. Nyumba za madarasa yenu zatazama upande gani, na jua la saa mbili asubuhi huangukia wapi?

4. Uwanja wa mita 100 kwa 50 ukiwa na mteremko wa mita moja katika kila mita ishirini, ni mita ngapi za ujazo zitakazochimbwa?

5. Shule ikihitaji madarasa manne zaidi katika miaka kumi ijayo, yatajengwa wapi bila kugusa uwanja? Chora ramani, uionyeshe halmashauri.